Ilani ya Mjomba kwa Walinzi wa Kivuli

Kambi ya Walinzi wa Kivuli,
Msituni.
4 Machi

Kwa Mjomba wangu mpendwa, Mwandishi wa Maombi,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, mashine yako ya chapa nayo ni nzima, na Mama Mkubwa ameacha kugombana na bomba la maji. Mimi sijambo, isipokuwa miguu. Huko mjini mvua huja ikaondoka. Huku tunaishi nayo kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Uliniuliza mwanagenzi wa Walinzi hufanya nini. Kwanza hujifunza kusimama. Tunasimama chini ya miti mirefu tangu alfajiri, mkuki mkononi, tukimwomba Mwenye Msitu kimoyomoyo, na siafu wakifanya ukaguzi wao. Asiyetikisika hufundishwa kutembea bila kuvunja kijiti. Akikivunja, hukiomba radhi. Jana nilikiomba radhi kijiti kimoja, nikarudi nyuma kwa adabu, nikakanyaga kingine.

Sasa nieleze lililonifanya nishike kalamu. Mwishoni mwa Septemba wanagenzi waliofaulu wataapishwa, na hakuna anayeapishwa bila ridhaa ya maandishi kutoka nyumba iliyomlea. Tangu mama yangu afariki, nyumba iliyonilea ni wewe. Lakini yafaa ujue unachotia saini. Mlinzi aliyeapa halali tena chini ya mti uliokatwa, uwe boriti, mlango, kitanda au fremu ya dirisha. Nikiapa, nitakuja kukusalimu mchana, nitakunywa chai, na jua likishuka nitaondoka. Sitalala tena chumbani kwangu.

Jambo la mwisho. Hapa hatuna siri: kila barua husomwa kwa sauti na Mkuu mbele ya kambi nzima. Kwa hiyo, Mjomba, nakusihi uandike kwa ufupi.

Mpwa wako.


Chumba cha Mbele,
Mkabala na Mahakama.
29 Machi

Yahusu: BARUA YAKO YA TAREHE 4 MACHI NA MENGINEYO

Mpwa wangu,

1. Marahaba. Kwa heshima na taadhima, ninayo furaha kukiri kuipokea barua yako iliyotajwa hapo juu, ambayo nimeisoma mara ya kwanza kama mlezi, mara ya pili kama mwandishi, na mara ya tatu kama msahihishaji. Mwandiko wako umesimama vizuri, jambo linaloonyesha kwamba mafunzo yenu ya kusimama yameanza kuzaa matunda hadi kwenye kalamu.

2. Kwa kuwa nimearifiwa kwamba maandishi haya yatasomwa hadharani, nimeyagawa katika aya zenye namba, ili Mheshimiwa Mkuu apate mahali pa kupumzika. Mimi, ambaye sikuwahi kuketi kwenye dawati lolote isipokuwa hili nililojinunulia mwenyewe, sikutarajia katika maisha yangu kusomwa mbele ya jeshi tukufu. Salamu zangu ziwafikie askari wote, kila mmoja kwa cheo chake.

3. Hali ya familia. Mama Mkubwa hajambo. Suala la bomba limechukua sura mpya: sasa anagombana na fundi wa bomba. Nimemshauri awasilishe malalamiko yake kwa maandishi. Ameniambia niyawasilishe mimi mwenyewe, na mahali pa kuyawasilisha alipataja, lakini hapaandikiki.

4. Fundi cherehani wa duka la pembeni huulizia hali yako kila asubuhi. Ameshona suti kwa ajili ya kuja kujitambulisha rasmi kwangu. Mikono ya suti hiyo ni mirefu kumzidi yeye. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba aliipima akiwa na wasiwasi.

5. Nimehamishia mashine ya chapa chumbani kwako kwa sababu za mwanga, wala si kwa sababu nyingine yoyote. Mama Mkubwa amedai kwamba chumba hicho kina giza kuliko cha mbele. Maoni yake yamehifadhiwa.

6. Kuhusu ridhaa: ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa na ofisi hii. Ofisi hii, kama ujuavyo, ni mimi, na mimi nina kazi nyingi.

Wako katika ujenzi wa sentensi,
Mjomba.

Nakala: Mama Mkubwa (kwa taarifa, si kwa maoni).


Kambini, 17 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi sote hatujambo, na ninaposema sisi sote namaanisha kambi nzima, kwa maana barua yako ilisomwa mbele ya walinzi wote, wazee kwa wanagenzi.

Sijui nikuelezeje. Waliguswa. Kuna mlinzi mmoja ambaye nyoka alimpandia begani asitikisike, lakini barua ilipofika kwenye suti alilazimika kugeuka na kuukumbatia mti. Mwingine, tunayemwita Kikohozi, alikohoa mpaka akatolewa kwenye mstari. Wengi walitokwa na machozi. Mkuu wetu ni bibi mwenye mvi, mkavu kama mkuki wake. Naye alifika penye "yamehifadhiwa", akatazama juu kwenye majani kwa muda mrefu, kisha akaendelea.

Tangu siku hiyo hakuna anayenitaja kwa jina. Mimi ni Mpwa. Wewe ni Mjomba wa watu wote. Juzi Mkuu mwenyewe alinipita nikiwa zamu akaniuliza bila kunitazama, "Mjomba hajambo? Na yule kijana, mikono ameipunguza?"

Kwa kuwa wewe ni mtu wa sheria, nikueleze moja ya huku. Mlinzi haruhusiwi kuinua mkuki kabla ya kumsomea mvamizi ilani. Na ilani inaposomwa hakuna anayesogea, si mlinzi, si mvamizi, mpaka neno la mwisho. Hata wezi wa mbao wanaliheshimu hilo, maana wamekua wakiambiwa kwamba anayesogea katikati ya ilani hataonyeshwa njia ya kutoka msituni. Shida ni kwamba ilani yetu yote ni hii: "Simama. Msitu una Mwenyewe. Rudi." Neno la mwisho likitoka tu, wezi wanatimua mbio kwenye lori lao, nasi tunalifukuza lori kwa miguu.

Mjomba, ridhaa. Mstari mmoja unatosha.

Mpwa wako.


Mkabala na Mahakama, 20 Mei

Yahusu: UDHAIFU MKUBWA WA ILANI YENU

Mpwa wangu,

1. Marahaba. Habari kwamba askari waliokomaa walitokwa na machozi niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi. Miaka yote hii nimewaandikia watu maombi ya viwanja, ya talaka na ya kurudishiwa mbuzi, na hakuna karani hata mmoja wa mahakama aliyewahi kulia. Mama Mkubwa anauliza walilia kwa namna gani. Nimemwambia kwamba swali hilo halina heshima.

2. Ilani mliyo nayo ni aibu. Haina utangulizi. Haimtambui mvamizi. Haitaji msitu unapoanzia wala unapoishia. Mtu anaambiwa "Rudi" bila kuelezwa arudi wapi, kwa njia ipi, na kwa mamlaka ya nani! Mimi ningekuwa mwizi wa mbao ningekata rufaa.

3. Kwa hiyo nimeandaa rasimu mpya, ambayo naiambatanisha humu pamoja na viambatisho vyake. Inaanza hivi: "Kwako wewe uliyesimama mbele yangu, pamoja na wote ulioandamana nao, waliotajwa na wasiotajwa, walio wima na waliojificha nyuma ya shina, kwa kuwa msitu huu, kwa maana ya miti yake, matawi yake, majani yake mabichi na makavu, uyoga wake, na kivuli chake cha asubuhi na cha jioni kila kimoja kwa nafasi yake, una Mwenyewe, na kwa kuwa wewe si Yeye..." Itoshe hapa. Furaha nyingine utaikuta ndani.

4. Paa la chumba chako linavuja. Nimeweka beseni kitandani, na ninafanya kazi kando yake. Mlio wa tone si mbaya. Unafanana na mtu anayetaka kusema jambo kisha anaahirisha.

5. Fundi cherehani alikuja kujitambulisha. Alipoinua mkono kunisalimu, mkono ulibaki ndani.

6. Kuhusu ridhaa: ningekuwa nimeshaituma, ila wino wa mhuri umekauka.

Wako mwaminifu,
Mjomba.

Nakala: Mheshimiwa Mkuu, Mama Mkubwa (ambaye ameshaisoma bila idhini).


Kambini, 12 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari za kupamba leo.

Wino wa mhuri huuzwa duka la tatu kutoka mlangoni pako. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa.

Nilikuambia walitokwa na machozi. Ni kweli, walitokwa. Walikuwa wanacheka, Mjomba. Wanacheka tangu "Yahusu" hadi "Nakala". Mkuu hutazama juu kwenye majani ili asicheke yeye. Barua zako sasa zimekuwa ndiyo jaribio letu la mwisho: mwanagenzi atakayesimama kutoka aya ya kwanza mpaka saini bila kutikisa bega, huyo amefaulu. Waliofaulu mpaka leo ni mmoja tu, nami ndiye. Wala si ushujaa. Nimekulia humo.

Nilikuficha kwa sababu nilijua ungeumia. Nawe kuna jambo unanificha, na unalifunika kwa wino, kwa mwanga, kwa matone. Huniambii ndiyo, huniambii hapana. Wenzangu wote ridhaa zao zimefika. Mwenzangu mmoja baba yake hajui kusoma. Aliweka dole gumba kwenye karatasi tupu, na ilitosha.

Niambie neno moja. Ukisema hapana, nitavua vazi hili na kurudi, na sitakulaumu mbele ya watu.

Mpwa.


Kambini, 19 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mwezi umepita bila barua yako. Mkuu huulizia posta kila siku na kujifanya anaulizia chumvi.

Dereva wa lori la chumvi ameniletea salamu za mdomo kutoka kwa Mama Mkubwa: kwamba u mzima, unakula, ila umejaa vumbi, na husemi na mtu. Nilimuuliza vumbi la nini. Akasema, "Mimi ni dereva, binti, sikuulizia vumbi."

Nilikuandikia kwa hasira. Yaliyokuwa kweli ni kweli, ila hasira niifute. Kama hutaki kuniandikia kuhusu ridhaa, niandikie kuhusu bomba.

Mpwa wako.


Kambini, 28 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Bado sijapata neno lako, lakini hili lazima ulisikie kutoka kwangu kabla ya dereva wa chumvi kuliharibu.

Jumanne nilikuwa zamu peke yangu kwenye ukingo wa mashariki, wakatokea wezi wa mbao, kundi zima, na misumeno ya injini. Kambi iko mbali. Nilipuliza filimbi, lakini nilijua wenzangu hawangefika mapema. Nikisema zile sentensi zetu tatu, wangenicheka, wangenisukuma, na ule mti mkubwa tunaoombea chini yake ungekuwa mbao kabla ya jioni.

Nikaingiza mkono kifuani nikatoa rasimu yako. Natembea nayo, Mjomba. Usiniulize kwa nini.

Nikaanza: "Kwako wewe uliyesimama mbele yangu, pamoja na wote ulioandamana nao..." Wakasimama kama walivyofundishwa na wazazi wao. Nilipofika kwenye uyoga, mnyapara wao akatazama wenzake. Nilipofika kwenye kivuli cha jioni, mmoja alikuwa ameshaanza kushusha pumzi.

"Dada," mnyapara akasema bila kusogeza mguu, "imebaki nyingi?"

"Huo ulikuwa utangulizi," nikamjibu.

"Ee Mungu wangu."

Mwenzake akanong'ona, "Mkubwa, tukimbie tu."

"Kimbia wewe. Mimi nina watoto, nataka kutoka humu."

Nikasoma mipaka. Nikasoma haki za mvamizi, ambazo hawakuwahi kujua kwamba wanazo, na nikawaona wakianza kupendezwa. Kijeba mmoja aliyebeba msumeno aliomba nirudie kifungu cha njia ya kurudi, kwa sababu ana kesi ya kiwanja, na akataka kujua mwandishi anapatikana wapi. Nikamwambia mkabala na mahakama. Nikasoma viambatisho. Viambatisho vikaisha, na wenzangu hawajafika.

Basi, nikageuza ukurasa na kuendelea na barua zako, ambazo nimezikunja pamoja na rasimu, kwa sauti ileile, kana kwamba ni sehemu ya ilani. Nikawasomea Mama Mkubwa na bomba. Nikawasomea fundi cherehani. Hapo wakagawanyika. Mnyapara alisema kijana mwenye wasiwasi ndiye mwenye mapenzi ya kweli. Mwenzake akasema, "Mapenzi gani, hajui hata kupima mkono wake mwenyewe!" Wakabishana wakiwa wamesimama tuli, midomo tu ndiyo inayocheza.

Kisha nikaona mikuki nyuma ya miti. Kambi nzima ilikuwa imefika bila kuvunja kijiti. Nilimtazama Mkuu nikingoja ishara. Alinipa moja: endelea. Sheria ni sheria, mpaka neno la mwisho. Nami naapa pia kwamba alitaka kusikia kama mikono ya suti itapunguzwa.

Niliposoma saini yako, wezi waliweka misumeno chini wenyewe. Mnyapara alisema amechoka kuliko siku aliyokata miti.

Jioni ile Mkuu alikunja rasimu yako na kuiweka kwenye sanduku la vitu vitakatifu. Walicheka sana, Mjomba, nami nilicheka nao, mara ya kwanza. Si kicheko kile nilichokuonea aibu. Ni namna watu wanavyocheka wakimtaja mtu wao.

Siku ya kiapo inakaribia. Mahali pangu mstarini wamepaacha wazi.

Mpwa wako.


14 Septemba

Mpwa wangu,

Ninaridhia.

Chumba chako hakina ubao tena.

Mjomba wako.


Kambini, 2 Oktoba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Barua yako ilipofika, kambi ilijipanga bila kuitwa. Wanagenzi waliuma meno. Kikohozi alishika mti mapema. Mkuu akaifungua, akasoma, akafika mwisho. Tukangoja. Akaigeuza karatasi nyuma. Akachungulia ndani ya bahasha.

"Endelea, Mkuu," Kikohozi akaomba.

"Imeisha."

Hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa inanyesha na tuliisikia yote. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya woga, "Mjomba mgonjwa?"

Ndipo Kikohozi akaachia mti na kusema kwamba hujaugua hata kidogo. Alikuwa ametumwa mjini mwanzoni mwa Septemba kuwakabidhi wezi kwa wenye sheria, akapita mkabala na mahakama ili akuone japo kwa mbali. Akakukuta juu ya paa, kofia ya karatasi kichwani, unang'oa boriti ya mwisho. Alisema boriti nyingine zote zimelala uani, na mahali pake umeweka mabomba ya chuma, na fundi wa bomba aliyegombana na Mama Mkubwa ndiye aliyeyafunga, huku Mama Mkubwa akimwelekeza kutoka chini kwa maneno yasiyoandikika. Kitanda ni cha chuma. Dirisha ni la chuma. Mlango umetolewa, na penye mlango kuna pazia zito alilolishona fundi cherehani, ambaye alikuwa ameshika ngazi akiwa ndani ya suti, mikono imekunjwa mpaka kiwikoni. Hata meza ya mashine umeitoa, na unapiga chapa juu ya pipa.

Kumbe ndilo hilo vumbi.

Mjomba, mimi ndiye mwanagenzi pekee aliyesikiliza barua zako zote bila kutikisa bega. Hii ya mistari miwili ilinishinda. Mabega yalitikisika, na Mkuu aliona. Nikadhani nimeanguka jaribio. Akasema, "Kipimo ni cha kucheka tu. Simama vizuri."

Nimeapa juzi asubuhi. Nitakuja wiki ijayo kulala nyumbani, nawe upige mashine yako hapohapo kando yangu, sitasumbuliwa na kelele zake. Mwambie fundi cherehani nashukuru kwa pazia. Mengine tutazungumza mchana, akiwa amepunguza mikono.

Kuna ombi moja limebaki, na nimeamriwa niliandike kwa lugha rasmi. Mheshimiwa Mkuu, tangu alipoapa akiwa msichana, hajawahi kulala ndani ya nyumba ya mtu yeyote, kwa kuwa hakuna ndugu yake aliyewahi kufikiri kwamba mbao zinaweza kutolewa. Kwa heshima na taadhima, anauliza kama chumba kilichotajwa hapo juu kina nafasi ya kitanda cha pili.

Wako katika ujenzi wa sentensi,
Mpwa.

Nakala: Mama Mkubwa (kwa maoni).